Somo kwa Familia: Kiingereza cha Mtihani wa Darasa la Saba

Tumeombwa tuandike juu ya Kiingereza kwa ajili ya watoto wetu watakaofanya mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ule ambao hapa Uganda kila mtu anauita PLE.

Mtihani huu hufanywa kwa kawaida mwanzoni mwa Novemba, siku mbili, karatasi nne. Siku ya kwanza ni hesabu na masomo ya jamii, siku ya pili ni sayansi na Kiingereza. Kila karatasi hupewa daraja kutoka 1, ambalo ndilo bora, hadi 9, kisha madaraja manne yanajumlishwa. Ndiyo maana tunasikia wazazi wengi wakisema, "Mwanangu ni hodari wa hesabu, hiyo itamwokoa, Kiingereza ni somo moja tu." Wapendwa, si somo moja. Karatasi zote nne zimeandikwa kwa Kiingereza. Mtoto aliyefundishwa kugawanya vizuri kule Uvira au Rutshuru anajua kugawanya hata leo, lakini swali likimwambia "share equally" au likimuuliza "how many more", naye hajui maneno hayo, ataiacha hesabu ambayo angeifanya akiwa amefumba macho. Kwa hiyo Kiingereza chake kinapimwa mara nne.

Twajua jinsi mambo yalivyo. Mtoto anavuka mpaka akiwa amemaliza mwaka wa sita kwa Kifaransa, anafika hapa anarudishwa darasa la tatu au la nne kwa sababu ya lugha. Katika kwaya yetu tuna binti wa miaka 16 anayekaa benchi moja na watoto wa miaka 11. Binti kama huyo akishindwa mtihani, tunajua wote nyumbani ataambiwa nini. Katika Danieli sura ya 1 tunasoma kwamba vijana wa Yuda waliohamishwa Babeli walifundishwa lugha na maandiko ya Wakaldayo kwa miaka 3, ndipo wakaletwa mbele ya mfalme awaulize maswali. Miaka mitatu! Na sisi tunataka mtoto aliyevuka mwezi wa Machi awe amekishika Kiingereza mwezi wa Novemba, tena tunamwita mjinga.

Si mjinga. Tumekuwa tukisoma madaftari ya watoto hawa jioni, na tumeona kwamba makosa yao si ya ovyo. Karibu kila kosa limetoka mahali fulani: ama kwa Kiswahili chetu, ama kwa Kifaransa cha shule. Mzazi anayejua Kiswahili, hata kama hajui neno moja la Kiingereza, anaweza kuliona kosa linatoka wapi.

Tuanze na umri, kwani ndilo swali la kwanza mtoto anaulizwa. Watoto wetu wanaandika "I have 14 years." Kwa nini? Kiswahili kinasema nina miaka 14, Kifaransa nacho kinasema vilevile. Lugha mbili zimeshuhudia dhidi ya moja, mtoto ataamini nini? Lakini Kiingereza hakina miaka, Kiingereza ni miaka: "I am 14 years old." Na hivyohivyo kwa njaa na kiu. Sisi tuna njaa. Wao husema "I am hungry", "I am thirsty". Mtoto akishika hilo moja, ameshika sentensi kumi.

Jambo la pili ni baba anayetajwa mara mbili. Mtoto anaandika "My father he works in the garden." Ile "he" imetoka wapi? Imetoka kwenye "a" ya "anafanya". Kwetu huwezi kusema "baba fanya kazi", lazima ile "a" iwepo. Kwa Kiingereza, baba akishatajwa, "he" haihitajiki tena. Sisi tunawaambia watoto hivi: ile "a" ya "anafanya" haikupotea, imehama kutoka mbele ikaenda nyuma ya neno, ikawa "s". "My father works." Wakiwa wengi, wanafanya, hakuna "s": "My parents work." Na ikiwa ni kukanusha, ile "s" inarukia neno lingine: "My father does not work." Walimu watatusamehe kwa namna hii ya kueleza, lakini watoto hawaisahau.

Kosa hilo lina ndugu yake. Twasema "kitabu nilichokinunua", na ile "ki" ya pili ni kitabu chenyewe. Mtoto anaipeleka kwa Kiingereza: "the book which I bought it". Iondoe "it".

Kuhusu "he" na "she", Kiswahili hakitusaidii kabisa, kwani yeye ni yeye, mwanamume au mwanamke. Waliosoma Kifaransa wana "il" na "elle", hao wana nafuu. Lakini nafuu hiyo inageuka mtego kwenye "his" na "her". Kifaransa hutazama kitu kinachomilikiwa: mama ni wa kike, basi "sa mère", hata kama mwana ni wa kiume. Kiingereza hutazama mwenye kitu. Mama yake Petro ni "his mother". Zoezi letu ni rahisi: mtoto mmoja asimulie kwa Kiingereza habari za Ruthu, Naomi na Boazi, na wengine wapige kofi kila anapomgeuza Boazi kuwa mwanamke. Watacheka, na watajifunza.

Sasa tuje kwenye nyakati, na hapa tunaomba msome polepole, kwa sababu alama nyingi zinapotea hapa. Kiswahili kina utajiri mkubwa ambao watoto hawajui kwamba wanao. "Nilikula" ni "I ate". "Nimekula" ni "I have eaten". Tofauti ya "li" na "me" ni karibu sana na tofauti ya Kiingereza. Shida inakuja tunapozungumza, maana tunasema "amekuja jana" bila shida yoyote, naye mtoto anaandika "He has come yesterday." Kiingereza hakikubali. Mkiona "yesterday", "last week", "in 2019", yaani wakati uliokwisha kufungwa, tumieni "li": "He came yesterday."

Kisha kuna jambo lililopita kabla ya jambo lingine lililopita. Sisi husema "nilipofika, alikuwa ameondoka." Angalieni: alikuwa, ameondoka, maneno mawili. Kiingereza nacho kina mawili: "When I arrived, he had left." Mtoto akiona "had", afikiri "alikuwa ame-". Hapo ndipo zinapotoka zile sentensi zinazowatisha watoto wote wa darasa la saba, za "Hardly" na "No sooner". Maana yake si ngumu, ni "mara tu". Mara tu kengele ilipolia, wanafunzi walitoka nje. Kwa Kiingereza: "No sooner had the bell rung than the pupils went out." Au: "Hardly had the bell rung when the pupils went out." Mambo mawili ya kushika. "Had" inatangulia mbele ya mtendaji, kama katika swali. Tena "No sooner" anaoa "than", na "Hardly" anaoa "when"; msiwabadilishie wake zao.

"Unless" nayo inawasumbua bure. Sisi tuna neno hilo ndani ya kitenzi: "usipofanya bidii utashindwa." Ile "usipo" yote ndiyo "unless you". "Unless you work hard, you will fail." Ile "si" ya kukanusha imekwisha kumo ndani, kwa hiyo mtoto asiandike tena "unless you do not work", maana atakuwa amesema kinyume: mwenye bidii ndiye atashindwa.

Halafu "sana". Tukisema mzigo ni mzito sana, huenda unabebeka, huenda haubebeki. Msikilizaji anajua kwa sauti na kwa uso. Kiingereza kinatenga. "Very heavy" ni mzito lakini labda utaubeba. "Too heavy" ni mzito kupita uwezo. Mtihani hupenda kumwambia mtoto ageuze sentensi kutoka kwa "so ... that" kwenda kwa "too ... to". Tazama: "The bag is so heavy that I cannot carry it." Ikigeuzwa: "The bag is too heavy for me to carry." "Cannot" imeondoka, na "it" ya mwisho imeondoka pia. Wengi wanaiondoa ya kwanza na kuiacha ya pili, na alama inaenda.

Hii ya kugeuza sentensi iangaliwe sana. Karatasi ya Kiingereza ina saa 2 na dakika 15. Sehemu ya kwanza ni maswali mafupi 50, ya pili ni maswali marefu 5, na kila sehemu ina alama 50. Katika ile ya kwanza kuna maswali mengi ambapo mtoto anaagizwa atumie neno fulani au aanze kwa neno fulani. Sentensi nzuri isiyofuata agizo haimsaidii. Wala herufi kubwa na nukta si mapambo, zinaweza kumnyima alama. Mwandiko usiosomeka vilevile, na kufutafuta. Tunawaomba wazazi msimpe mtoto kalamu inayovuja wino siku ile. Ni shilingi chache, mtafutie nyingine.

Wale waliosoma Kifaransa wajihadhari na maneno yanayofanana sura lakini yana maana tofauti. Baya kuliko yote ni "pass". Kwa Kifaransa "passer un examen" ni kuketi kwa mtihani, ushinde au ushindwe. Kwa Kiingereza "to pass" ni kufaulu. Kijana anaulizwa na mwalimu mkuu kama alipita, anajibu "Yes, I passed", akimaanisha nilikuwepo, kisha karatasi zinaonyesha alishindwa, na kijana mwaminifu anaonekana mwongo. "Library" si duka la vitabu, ni mahali pa kuazima. "Actually" si "kwa sasa". "Assist" ni kusaidia, si kuhudhuria: ukiandika kwamba ulisaidia mazishi, watashangaa ulibeba nini. Na kwa Kifaransa twaweka "la" mbele ya kila kitu, "la vie est dure", lakini Kiingereza husema "Life is hard" bila "the".

Kuhusu msamiati, hatupendi orodha ndefu za kukariri. Maneno matano kwa siku yanatosha, nayo yatumiwe ndani ya sentensi, kwa sababu mtihani humwambia mtoto atumie neno kuonyesha kwamba anajua maana yake. Wenye Biblia ya Kiswahili na ya Kiingereza wasome Injili ya Marko zote mbili bega kwa bega, mistari kumi kila jioni. Chagueni Biblia ya Kiingereza cha sasa, kama Good News. Ile ya King James tunaiheshimu, ilitolewa mwaka 1611, lakini mtoto akiandika kwa Kiingereza cha 1611 atasahihishwa kwa kalamu nyekundu.

Na mama asiyejua Kiingereza afanye nini? Ampe mtoto sentensi za Kiswahili, za kweli, za nyumbani: "Maharagwe yameiva. Dada yako alienda kuteka maji. Mvua isiponyesha tutalima." Mtoto azigeuze. Mama hawezi kusahihisha, lakini anaweza kuuliza, "Hiyo 'a' umeiweka wapi?" Mtoto atasimama afikiri. Jambo lingine ni la kazi. Kuanzia Septemba, wasichana wa darasa la saba wapunguziwe maji na kuni za jioni, hata kama kaka zao watanung'unika. Mvulana ana taa, msichana ana jerikeni, halafu tunashangaa matokeo.

Wengine wanatuambia, "Sisi tunangoja kwenda Marekani, mtoto atajifunza huko." Mwezi wa Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na familia zilizokuwa zimekwisha kufunga mizigo zilibaki hapa. Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mtoto mkimbizi haki sawa na mwenyeji katika elimu ya msingi. Kiti cha darasani kiko tayari, mtihani uko Novemba. Mtoto asikae nyumbani akingoja ndege.

Mazoezi ya juma hili ni haya. Geuzeni kwa Kiingereza: "Dada yangu ana miaka 12." "Mama yake Yohana anauza samaki." "Tulipofika kanisani, ibada ilikuwa imeanza." "Usipoondoka sasa, utachelewa." Andikeni upya kwa "too ... to": "The water is so dirty that we cannot drink it." Andikeni upya mkianza na "No sooner": "As soon as the rain stopped, we went to the garden." Majibu tutayasahihisha pamoja Jumamosi saa nane, baada ya mazoezi ya kwaya, chini ya mwembe. Kila mmoja aje na daftari na kalamu yake.