Stoo ya posho: tuibomoe au tuiache?

SWALI: Baba alifariki mwaka juzi, akatuachia shamba nje kidogo ya Kitale. Kuna stoo ya zamani ya mzungu, ya mawe, paa limechakaa. Kuka, yaani babu yetu, alikuwa skwota pale, na posho ilipimwa kwenye mlango wa stoo hiyo. Kaka yetu mkubwa anataka kuibomoa, auze mawe na mbao, ajenge vyumba vya kupangisha. Anasema hatunzi nyumba ya matusi. Mama analia kila ikitajwa. Mimi nafundisha Bungoma, na kila mmoja ananipigia simu nimuunge mkono. Nifanyeje?
— Niko Katikati, Bungoma

JIBU: Mwalimu, poleni kwa kumpoteza mzee. Kuna jambo hukulitaja, nalo linatangulia mawe na mbao: hati ya shamba ina jina la nani leo? Ikiwa bado ni la marehemu, na hamjapata barua za usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani, hakuna mtoto mwenye ruhusa ya kuuza hata bati moja. Kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi kinahesabu hilo kuwa kuingilia mali ya marehemu, na ni kosa la jinai. Sheria hiyo hiyo inampa mjane haki ya kuifaidi mali iliyobaki maisha yake yote. Kwa hiyo msimbembeleze mama anyamaze. Bila yeye hakuna uamuzi.

Sasa hayo matusi. Kaka yako hasemi uongo. Skwota wa Trans Nzoia alipewa mahali pa kulima na kulisha ng'ombe wachache, naye akalipa kwa siku zake za kazi, kitambulisho cha kipande kikining'inia shingoni na nyapara akimsimamia. Wabukusu wengi walitoka upande wenu wa Bungoma kwenda kuishi hivyo kwenye mashamba ya walowezi. Ndiyo maana Dini ya Msambwa ya Elijah Masinde, iliyoanzia Kimilili na kuwapinga wakoloni, ilipata wafuasi miongoni mwa maskwota hao katika miaka ya 1940. Hasira ya kaka yako aliirithi pamoja na shamba, na mimi sina haki ya kumwambia aitue.

Ila naona ameielekeza pasipo pake. Mwenye shamba alitoa amri. Waliobeba mawe na kuyapanga walikuwa watu kama kuka wenu, na majina yao hayakuandikwa popote. Ukiivunja stoo leo, mlowezi hapotezi chochote. Kumbukumbu zake zimo kwenye vitabu na picha. Anayepoteza ni kuka, maana huenda hiyo ndiyo kazi pekee ya mikono ya watu wake ambayo bado imesimama. Nadhani hicho ndicho mama anachokililia, ingawa ni vizuri mumuulize yeye mwenyewe.

Siku moja mchukue kaka mwende Kapenguria, kaskazini mwa Kitale. Jela walimofungiwa Jomo Kenyatta na wenzake watano wakati wa kesi ya 1952 na 1953 sasa ni makumbusho. Vyumba vile vimeachwa visimame, na hakuna anayesema vinamtukuza mkoloni. Tofauti ni kwamba kule gharama ni ya serikali. Nyinyi mtatoa mfukoni, kwa hiyo stoo lazima ifanye kazi.

Na kazi ipo. Mahindi yenu yanahitaji mahali pakavu, penye hewa, baada ya kuanikwa hadi unyevu ufike asilimia 13.5. Yakihifadhiwa mabichi, sumukuvu itayaharibu. Tafuteni fundi wa mawe aangalie msingi na nyufa, na adunge mbao za paa kuona kama mchwa wameingia. Angalieni paa lenyewe pia. Ikiwa ni vigae vikubwa vya kijivu vya asbesto, ambayo Kenya iliipiga marufuku mwaka 2006, msiwape vijana nyundo. Vumbi lake huua mapafu polepole. Pigieni NEMA, mamlaka ya mazingira, wawaelekeze kwa wenye leseni ya kuiondoa. Vyumba vya kupangisha vijengwe upande wa barabara, ambako wapangaji wangependa kukaa hata hivyo.

Fundi akisema kuta zimekwisha, nitakuwa upande wa kaka, kwa sharti: ifumuliwe kwa mikono, na mawe yatumike kwenye vyumba hivyo badala ya kuuzwa. Kabla ya hapo, pigeni picha kila upande, na umrekodi mama akieleza nani alisimama wapi siku ya posho. Nakala mpeleke Makumbusho ya Kitale, yaliyotokana na mkusanyiko wa mlowezi Hugh Stoneham. Ya maskwota nayo yafike huko.

Acha kupokea simu za huyu na za yule. Shule zikifungwa, nenda mkae wote watatu kwa mama. Na ikiwa kaka ameshapokea pesa za mnunuzi wa mbao, azirudishe kabla ya kikao hicho.