Dondoo muhimu: likizo ya ufukweni kisiwani Krete, Ugiriki

Ukiweza, epuka Julai na Agosti. Hoteli hujaa, bei hupanda, na upepo wa kaskazini uitwao meltemi huchafua bahari upande wa kaskazini, ambako ndiko hoteli nyingi zilipo. Septemba ni bora zaidi: maji bado yana joto na watoto wa Ulaya wamerudi shuleni. Kuanzia Novemba hoteli nyingi za ufukweni hufungwa.

Kabla ya kulipia chumba, tazama ramani vizuri. Kisiwa kina urefu wa kilomita 260 hivi. Anayelala Agios Nikolaos, mashariki, akitaka kuogelea Elafonisi, kusini-magharibi, siku itamwishia barabarani. Kwa fukwe za magharibi kama Elafonisi au Balos, shukia uwanja wa ndege wa Chania, si Heraklion. Wahi Elafonisi asubuhi, kabla mabasi ya watalii hayajafika, uyakute maji ya magotini yametulia na mchanga una wekundu wa waridi ukingoni. Usiuchote hata kiganja. Eneo hilo linalindwa kisheria.

Mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya anahitaji viza ya Schengen. Peleka maombi mapema: mlango hufunguliwa miezi 6 kabla ya safari na hufungwa zikibaki siku 15. Bima ya matibabu isipungue euro 30,000.

Chooni, karatasi hutupwa kwenye kindoo kilicho pembeni, kwani mabomba ni membamba na huziba.

Bendera nyekundu ikipepea ufukweni, usiingie majini hata kama unajua kuogelea.