Kusahau kwa Uzee na Kusahau kwa Maradhi

Ifahamike kwanza kuwa si kila kusahau ni maradhi. Mzee anayesahau jina la mtu kisha likamjia baadaye, au anayeitafuta miwani yake, hana la kutisha. Ama kharafu, kama Waarabu wanavyoiita, ni maradhi ya ubongo yanayopunguza kumbukumbu na fikra hadi mtu akashindwa na shughuli zake za kila siku. Wala si ya vikongwe pekee: daktari wa Kijerumani Alois Alzheimer alipoeleza mwaka 1906 ugonjwa unaoongoza kuileta hali hiyo, mgonjwa wake alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu.

Kinachowadanganya watu wa nyumbani ni kuwa mambo ya zamani hubaki. Mzee ataeleza mashamba ya karafuu ya Pemba shamba kwa shamba, na Alhamdu aliyoihifadhi chuoni utotoni ataisoma bila ya kukwama, ilhali hakumbuki kuwa jana alitembelewa na ndugu yake. Basi na ichunguzwe kumbukumbu ya jana, si ya mwaka 1960.

Kutia shaka katika idadi ya rakaa humpata kila mtu, ndiyo maana ikawekwa sijda ya kusahau. Dalili ni mtu kuswali Adhuhuri, akakunja msala wake, na baada ya robo saa akatawadha ili aiswali tena, na jambo hilo likawa la kila siku. Kadhalika bibi aliyepika pilau miaka arubaini akakwama asijue kinachotangulia, au mtu kupotea njia ya msikiti wa mtaani kwake. Baadhi ya waliojifunza Kiarabu ukubwani, baada ya kuhamia Omani, huanza kukipoteza wakabaki na Kiswahili, na wajukuu wakadhani babu amekuwa mkaidi.

Liko zito zaidi. Mgonjwa huficha bangili zake, akasahau alipoziweka, kisha akamtuhumu mtumishi wa nyumbani kwa wizi. Kwa msichana aliye ugenini tuhuma hiyo yaweza kumpotezea kazi na kibali cha kukaa. Heshima ya mzee haiondoi haki ya mtumishi. Nyumba ipekuliwe kwanza, hata friji na gunia la mchele.

Daktari aendewe mapema, naye apewe mifano yenye tarehe. Upungufu wa vitamini B12, kasoro ya tezi ya shingo, huzuni kubwa na baadhi ya dawa za usingizi huweza kuleta hali inayofanana na kharafu, na mambo hayo yana tiba. Aliyechanganyikiwa ghafla, kwa siku mbili tatu tu, huenda ana homa au maradhi ya mkojo. Huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Kharafu yenyewe haijapata dawa ya kuiondoa. Lakini anayeigundua mapema hupata muda, kwani wasia wa aliyekwisha kupoteza akili haushiki. Madeni na amana ziandikwe angali anajitambua, mbele ya mashahidi, na aketishwe asubuhi, maana wengi wao huzidi kuchanganyikiwa jua linapokuchwa.