Daktari wa Jamaa Nzima

Somo hili ni kwa ajili yako wewe unayemleta mgonjwa hospitalini, na wewe mwuguzi unayefanya kazi katika kituo cha afya. Labda umewaona katika hospitali ya Goma madaktari vijana wakimfuata daktari mkubwa kutoka kitanda hata kitanda. Labda ulisema moyoni, "Hawa wamekwisha maliza chuo, mbona wanafundishwa tena?" Swali hilo ni jema. Tutazame jibu lake.

1. Kwa nini wanafundishwa tena?

Daktari akitoka chuo kikuu amejifunza mengi juu ya mwili. Lakini huenda atatumwa mbali, labda Masisi, au Walikale, au Lubero. Mahali pengi huko hakuna daktari wa watoto, wala wa uzazi, wala wa upasuaji. Yuko yeye tu. Usiku analetewa mama aliyeshikwa na uchungu tangu jana, na mtoto hatoki. Barabara ya kwenda Goma ni matope, au imefungwa kwa sababu ya vita. Kama daktari huyu hajui kumpasua mama na kumtoa mtoto, mtoto atakufa, na mama aweza kufa pia. Au mama atapona, lakini atabaki na tundu ndani ya mwili, mkojo ukimtoka mchana na usiku bila kuzuilika. Wanawake wengi wenye taabu hiyo wameletwa Goma ili watengenezwe. Lakini ni heri msaada uwe karibu nao kabla saa nyingi hazijapita.

Kwa hiyo kuna mafundisho yanayoitwa udaktari wa jamaa. Daktari kijana anapita katika kazi zote za hospitali: watoto, uzazi, upasuaji na magonjwa ya ndani. Kwanza anatazama. Kisha anafanya akisaidiwa. Mwisho anafanya mwenyewe, na mwalimu wake amesimama karibu.

2. Kazi hii katika Goma

Mwaka 2000 Kasereka Lusi, daktari wa kupasua mifupa, pamoja na mkewe Lyn Lusi, walianza katika Goma kazi iliyoitwa DOCS. Kusudi lao moja lilikuwa kuwafundisha madaktari vijana wa Kongo katika nchi yao wenyewe. Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulipasuka. Moto wake ukashuka mjini mpaka ziwa Kivu, ukaiharibu hospitali yao. Hawakuacha. Walijenga tena, na leo kazi hiyo inaitwa HEAL Africa. Lyn Lusi alifariki mwaka 2012, lakini madaktari waliofundishwa hapo wanaendelea kutibu watu.

Majirani zetu nao waliona haja hiyo. Katika Kenya, Chuo Kikuu cha Moi kilianza kufundisha udaktari wa jamaa mwaka 2005.

Tena, mwezi wa Januari 2025, vita vilipoingia Goma, hospitali za mji zilijaa majeruhi. Siku kama hizo daktari hawezi kusema, "Hii si kazi yangu."

3. Kuuliza habari za nyumba

Kujua kupasua peke yake hakutoshi. Tuseme baba mmoja amekuja, naye amekohoa zaidi ya majuma mawili. Makohozi yanapimwa, na kifua kikuu kinaonekana. Daktari anayetazama kifua tu atampa dawa na kumwambia aende. Daktari wa jamaa atauliza: Unalala na nani chumbani? Je, kuna mtoto mchanga? Je, mke wako anakohoa? Nani atakukumbusha dawa muda wa miezi 6? Kisha atataka wote wa nyumba hiyo wapimwe, na watoto wadogo ambao hawajaugua wapewe dawa ya kuwakinga. Asipouliza, baba atapona na mtoto atazikwa.

4. Kujua mpaka wa kazi yake

Daktari mwema anafundishwa pia kusema, "Jambo hili limenishinda, twende kwa mwenye kulijua." Asione haya. Afadhali kumtuma mgonjwa mapema pamoja na barua, kuliko kumshika kwa kiburi mpaka amechelewa.

5. Wewe utasaidiaje?

Daktari kijana hafundishwi na mwalimu wake tu. Wewe pia unamfundisha.
(a) Akikuuliza maswali mengi, usikasirike. Mjibu kweli.
(b) Kama umekwisha kunywa dawa ya miti, au dawa ya kununua sokoni, usifiche. Dawa mbili zikikutana tumboni zaweza kudhuru.
(c) Leta karatasi zako zote za hospitali na za kituo cha afya.
(d) Ukiwa na hofu, useme kwa adabu, "Daktari, naomba mwalimu wako aje anitazame pia." Si tusi, ni haki yako.
(e) Wewe mwuguzi, umekaa miaka mingi na watu wa mtaa wako. Mwambie daktari mgeni yale unayoyajua, kwa maana yeye hajui nani amefiwa, nani amekimbia vita, wala nyumba ipi haina maji safi.

Mtoto wako akiugua kesho mahali pa mbali, daktari atakayemgusa ni mmoja wa hawa vijana unaowaona leo wakitembea kati ya vitanda. Basi uwavumilie wajifunze vema.

Maswali ya kufikiri

1. Mama akichelewa kujifungua mahali pasipo daktari mwenye ujuzi, hatari gani zaweza kumpata?
2. Kwa nini daktari anauliza habari za watu wasiougua?
3. Je, katika nyumba yako yuko mtu aliyekohoa zaidi ya majuma mawili? Utampeleka lini?