SOMO: MZAZI KANDO YA UWANJA WA MIELEKA

Masomo: Mwanzo 32:24-30; 2 Timotheo 2:5; Waefeso 6:12



Sisi wazazi wa Shasha, tukitazama watoto wetu wakipigana mieleka, mtoto akianguka miguu yetu inataka kuingia uwanjani. Wengine wetu tumepaza sauti: «Mvunje huyo!» Tulikosa. Huyo naye ana mama anayemtazama.

1. Yakobo alishindana usiku kucha karibu na Yaboki. Mama yake Rebeka hakuwapo kumsaidia. Alitoka akichechemea, lakini amebarikiwa. Basi sisi tuombe, tusiingie.

2. Paulo alimkumbusha Timotheo kwamba mchezo una sheria. Katika mieleka ya kiafrika, kama ile ya Michezo ya Francophonie kule Kinshasa mwaka 2023, mgongo ukigusa chini, pigano limekwisha. Vita vilivyopita katika barabara yetu ya Sake na Minova havikujua sheria hiyo.

3. Kwa hiyo tufundishe mtoto kumwinua yule aliyemwangusha. Siku watakapomwita kushika bunduki, akumbuke kwamba adui yetu si mwanadamu.

Swali la nyumbani: Mtoto wetu atasikia neno gani kutoka kinywani mwetu?

Amina.