Mvua ya Leo, Mvua ya Miaka 30

Asubuhi umeanika sare ya shule kambani jua likiwaka, saa nane mchana mvua ikailowesha. Hiyo ni hali ya hewa: jua, mawingu, upepo, joto na mvua ya leo, hapo ulipo. Kesho huenda ikawa nyingine.

Lakini mkulima wa Morogoro hutayarisha shamba mwezi Februari, wingu halijaonekana. Anajua masika huja Machi na kuishia Mei. Anachokitegemea ni tabianchi, yaani mwenendo wa hali ya hewa ya mahali kwa miaka mingi. Kwa kawaida wataalamu hutazama wastani wa miaka 30. Kwa hiyo mvua ikikosekana siku kumi, au hata mwaka mzima, usikimbilie kusema tabianchi imebadilika.

Mbona pwani ina masika na vuli? Jua la utosi huvuka ikweta mara mbili kwa mwaka, karibu na Machi 21 na Septemba 23. Linapopiga utosini, ardhi hupata joto na hewa hupanda. Upepo wa kaskazini na wa kusini hukutana hapo, mvuke wa baharini ukapoa na kuwa mawingu. Mkanda huo wa mvua hulifuata jua kwa kuchelewa kidogo. Ukipanda kaskazini hutuletea masika, ukirudi kusini hutuletea vuli. Dodoma, kwa upande wake, ina msimu mmoja tu, takriban Desemba hadi Aprili. Mabaharia waliuishi mwendo huu wa pepo karne nyingi: kaskazi ikiwaleta na majahazi kutoka Omani, kusi ikiwarudisha.

Sasa pima mvua mwenyewe, maana hakuna somo linalonoga kama hili. Tafuta chupa ya plastiki ya lita moja na nusu yenye ubavu ulionyooka. Ikate pale inapoanza kuwa nyembamba, kisha kipande cha juu kigeuze, mdomo uelekee chini kama faneli. Tia kokoto ili isipinduke, mimina maji mpaka yazifunike na kufika kwenye ubavu ulionyooka. Hapo chora mstari: ndiyo sifuri yako. Kutoka hapo kwenda juu, weka alama za milimita kwa rula.

Iweke uwanjani, mbali na paa na miti. Isome kila siku saa 3 asubuhi, saa ileile vituo vya hali ya hewa nchini husoma vipimo vyao, kisha rudisha maji kwenye sifuri, kwa kumwaga au kuongeza. Andika kila kipimo daftarini; siku kavu nayo iandike: 0. Radi ikipiga, kaa ndani, kipimo kitakusubiri.

Milimita 1 ya mvua ni lita 1 ya maji kwenye kila mita ya mraba. Paa la bati la mita za mraba 50 likipata mvua ya milimita 20, limepokea lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20. Nadhani kila mtoto anayebeba ndoo kichwani anastahili kuijua hesabu hiyo.

Ukimaliza shule, daftari la mvua mwachie mdogo wako, na umwonyeshe sifuri iko wapi.