Dondoo muhimu: Kurudi Migori na Homa Bay kutoka Nairobi baada ya kuondolewa ubavu wa kwanza

Ubavu wa kwanza, ulio chini ya mtulinga, ukiondolewa ili mishipa ya mkono ipate nafasi, cha kuchungwa zaidi safarini ni pafu, si kidonda. Utando wa pafu umepakana na ubavu huo. Ukichanika, hewa huingia kifuani. Kwa hiyo usiondoke kabla daktari hajasoma eksirei ya kifua, na usipande ndege ya Kisumu bila idhini yake, maana hewa iliyonaswa kifuani hutanuka angani. Wapo watakaosema kukaa Nairobi siku mbili zaidi ni gharama. Ni kweli, lakini Migori iko zaidi ya kilomita 350, na pumzi ikikubana kati ya Narok na Kisii, mpasuaji wa kifua yuko mbali. Heri ulale kwa jamaa.

Garini, mkanda wa abiria wa mbele hupita bega la kushoto. Aliyepasuliwa kushoto akae nyuma ya dereva. Shuka kila kituo utembee, damu isigande miguuni. Kutoka stendi ya Rongo usipande bodaboda. Nyumbani wengi huufunga mkono siku nzima wakidhani ndiyo salama, kumbe bega hukakamaa: fanya mazoezi uliyoelekezwa, ila mtungi wa lita 20 wabebe wengine mpaka daktari aruhusu. Ukihema kwa shida, ukishikwa na homa, au mkono ukivimba na kubadilika rangi, nenda hospitali ya rufaa ya kaunti, Homa Bay au Migori, saa hiyo hiyo, hata usiku.